Aliye Pamoja na Mama: Asili ya Neno "Midwife"

Wengi waliosomea ukunga kwa Kiingereza wamelizoea neno "midwife" bila kulichungulia ndani. Ni maneno mawili yaliyounganishwa, na yote mawili humpotosha msomaji wa leo. "Wife" siku hizi ni mke wa mtu. "Mid" hudhaniwa kuwa ni katikati. Ndipo ikazuka fasiri ya kuwa mkunga ni mwanamke asimamaye baina ya mama na mtoto. Fasiri hiyo inapendeza, lakini si sahihi.

Katika Kiingereza cha kale, "mid" lilikuwa na maana ya "pamoja na", kama lilivyo "mit" la Kijerumani hadi sasa. "Wif" naye alikuwa mwanamke yeyote, aliyeolewa na asiyeolewa. Baadaye "with", ambalo awali lilimaanisha "dhidi ya", lilitwaa nafasi ya "mid". Basi "midwife" ni mwanamke aliye pamoja na mama anayejifungua. (Ndiyo maana mkunga mwanamume huonekana kuwa kioja katika Kiingereza, Kiswahili hakina taabu hiyo, kwani mkunga ni mkunga.)

Tazama neno hilo lisivyotaja kuzalisha, kukata kitovu wala kumpokea mtoto. Linataja kuwapo tu. Kilatini nacho kilimwita mkunga "obstetrix", yaani asimamaye mbele ya mama, na humo ndimo lilimotoka jina la kitaalamu la tiba ya uzazi.

Kuwapo huko si jambo dogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya tafiti 26 zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kuwaliwaza mfululizo wakati wa uchungu walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na upasuaji ulipungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na mwenzi amchaguaye mwenyewe katika kipindi chote cha uchungu na kujifungua.

Mkunga mmoja mwenye wazazi watano usiku hawezi kuketi na kila mmoja wao. Mwenzi huyo, awe mama mzazi, dada, shoga au mume, huijaza nafasi hiyo bila kushika kazi ya kitaalamu. Pazia kati ya vitanda huwasitiri wazazi wengine. Mjamzito na aulize mapema kliniki kama kituo chake kinamruhusu mtu huyo kuingia, na aje naye siku za hudhurio ili wakunga wamfahamu.