Hospitali ya Kanisa Ikiungana na Serikali

Hospitali ya Kanisa ikiingia katika mfumo wa Serikali, inabaki ya nani? Kusini mwetu hapa Gongoni, hospitali ya Moravian ya Sikonge ilifanywa Hospitali Teule ya Wilaya, na Kanisa likabaki mwenye mali. Bugando, Mwanza, ilitaifishwa mwaka 1972, ikarudishwa kwa maaskofu Katoliki mwaka 1985 kwa mkataba, nayo ikaendelea kuwa ya rufaa kwa watu wa dini zote.

Kwa maoni yetu, msalaba mlangoni hautoshi. Someni mkataba: nani anateua bodi? Nani anamchagua mganga mfawidhi? Padre au mchungaji wa wagonjwa analipwa na nani? Hili la mwisho husahaulika, kisha hubebeshwa parokia.