KUJITAYARISHA KWA SIKU YA KUSTAAFU

Siku ya kustaafu haimjii mfanyakazi kwa ghafula. Mtu aandikwapo kazi, mwaka wake wa kuzaliwa huandikwa pia, na tangu hapo aweza kuhesabu miaka iliyosalia. Katika Kenya watumishi wa Serikali walikuwa wakistaafu wakiwa na umri wa miaka 55, mpaka mwaka 2009 ambapo umri huo uliongezwa kuwa miaka 60. Hata hivyo wengi huifikia siku hiyo kama wasafiri walioshikwa na mvua njiani. Si kwa sababu ya uchache wa fedha peke yake, bali kwa kuwa hesabu haikufanywa mapema.

FEDHA HUTOKA WAPI

Mfanyakazi wa kampuni, wa shamba au wa duka huwekewa akiba katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ijulikanayo kwa herufi NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965. Kwa sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara wake mpaka kiwango kilichowekwa, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mkulima, fundi na mwenye kibanda sokoni, ambao hawana mwajiri, nao waweza kujiandikisha na kuweka akiba kwa hiari.

Watumishi wa Serikali wana mipango miwili. Waliokuwa hawajatimiza miaka 45 mwezi wa Januari 2021 waliingizwa katika mpango mpya, ambao mtumishi hutoa sehemu ya mshahara wake, asilimia 7.5 tangu mwaka wa tatu, na Serikali huongeza asilimia 15. Waliokwisha kutimiza umri huo waliruhusiwa kubaki katika mpango wa zamani.

HESABU YA KARANI MMOJA

Tuseme karani aliyebaki katika mpango wa zamani amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ni shilingi 60,000 kwa mwezi, au 720,000 kwa mwaka. Miezi yake hugawanywa kwa 480, kisha huzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Pensheni yake yatoka shilingi 540,000 kwa mwaka.

Akitaka kupata fedha za mkupuo, aweza kuibadili robo ya pensheni hiyo, yaani shilingi 135,000, nayo huzidishwa mara 20. Basi atapokea kiinua mgongo cha shilingi 2,700,000, na pensheni iliyobaki itakuwa shilingi 33,750 kila mwezi.

Hesabu hii yafaa kutazamwa kwa makini. Zile shilingi 2,700,000 si zawadi. Ni chakula cha karani huyo mwenyewe, robo ya pensheni yake ya miaka 20, aliyolipwa kwa siku moja. Akizitumia kwa miaka miwili, ile miaka 18 iliyobaki amekwisha kuila. Tena mapato yake ya mwezi yamepungua karibu nusu, wala bei ya unga na karo ya watoto haikupungua.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA SIKU HIYO

Kwanza, karatasi. Jina lililo katika kitambulisho na lililo katika barua ya kuajiriwa lazima yawe sawasawa. Aliyeandikwa kazini kwa jina la ubatizo na la babu, na kitambulisho chake kina jina la baba, asingoje mwaka wa mwisho kusahihisha. Mwanachama wa NSSF naye aulizie hesabu yake kila mwaka, ahakikishe kwamba mwajiri amepeleka fedha zilizokatwa, na ya kuwa majina ya warithi wake yameandikwa.

Pili, madeni na nyumba. Mkopo wa chama cha akiba hulipwa kwa wepesi mshahara ungalipo. Kadhalika nyumba ya kukaa ijengwe kidogo kidogo mapema, ili kiinua mgongo kisiishie katika mabati na saruji.

Tatu, biashara. Wako walionunua gari la abiria bila kuijua kazi ya magari, na fedha zikaishia kwa mafundi na vipuri. Atakaye kufuga ng'ombe wa maziwa aanze na mmoja akiwa bado kazini. Hasara ya ng'ombe mmoja hufundisha. Hasara ya akiba yote huangamiza.

Nne, mazoezi. Katika miezi 6 ya mwisho yafaa jamaa ya karani ijaribu kuishi kwa zile shilingi 33,750, na zinazobaki ziwekwe akiba. Palipo na taabu pataonekana wakati ambapo pangali na nafasi ya kurekebisha.

MASHAURI YA NYUMBANI

Haya yote hayawezekani iwapo mume amemficha mkewe mapato yake, au mke mumewe. Wakae pamoja, waandike hesabu, na watoto wakubwa waelezwe kwamba kiinua mgongo si urithi wa kugawanywa mzazi angali hai. Kisha wapange pia kazi za mchana, maana mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwa miaka 30 hupata huzuni akikosa la kufanya.

Akiba haiozi, lakini yahitaji mlinzi, na mlinzi wake ni mwenyewe.