Vita vya Mashifta na Watu wa Mto Tana

Mkulima wa Chewele, katika sehemu za Bura, hulitazamia furiko la Mto Tana kama mkulima wa bara atazamiavyo mvua. Maji yakijaa na kupungua huacha tope lenye rutuba, na humo Wapokomo hupanda mahindi, mpunga na migomba, ng'ambo hii na ng'ambo ile, wakivuka kwa mitumbwi. Nyuma ya mashamba ni nyika, malisho ya Waorma. Na mbele zaidi upande wa mashariki ni nchi ya Wasomali. Kati ya mwaka 1963 na 1967 ukingo huo wa mashariki uligeuka kuwa mahali pa hofu.

Mwaka 1962 tume ya Serikali ya Uingereza iliwauliza wenyeji wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini maoni yao, ikaona ya kuwa wengi, Wasomali hasa, walitaka kujitenga na Kenya na kuungana na Somalia. Hata hivyo, Machi 1963 Uingereza iliamua kwamba sehemu ya Wasomali iwe Jimbo la saba la Kenya. Somalia nayo ikavunja uhusiano wake na Uingereza mwezi ule ule. Tarehe 28 Juni, Bwana Daudi Dabasso Wabera, D.C. Mwafrika wa kwanza wa Isiolo, aliuawa kwa risasi safarini pamoja na Chifu Haji Galma Dida wa Waborana. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, na kabla mwezi haujaisha Hali ya Hatari ilikwisha kutangazwa huko.

Wapiganaji wale Serikali iliwaita mashifta. Neno hili ni la Kiamhara, nalo lina maana mbili: mnyang'anyi wa njiani, na pia mtu aliyeasi utawala akaenda porini. Mfalme Tewodros wa Ethiopia mwenyewe alianza maisha yake kama shifta. Basi jina halikumaliza ubishi, kwa maana wao walijiona kuwa wapigania uhuru wa nchi yao.

Vita vyao havikuwa vya majeshi kukabiliana uwanjani. Walitembea makundi madogo madogo, wakijua kila kisima na kila njia ya ng'ombe. Walishambulia kituo cha polisi au lori barabarani, kisha wakatawanyika kabla askari hawajafika. Na walipobanwa sana, walivuka mpaka wakaingia Somalia, walikopata silaha. Baadaye walianza kutega mabomu ardhini, na dereva wa lori akawa hana amani hata njia ikiwa tupu.

Mpiganaji wa namna hii hana ghala. Chakula chake kimo katika zizi na shamba la mwananchi. Hapo ndipo msiba ulipomwangukia mtu wa Mto Tana. Mfugaji aliyewanyima ng'ombe alihatarisha roho yake. Aliyewapa, hata kwa kushurutishwa, alihesabiwa kuwa mwenzao. Mkulima naye hulinda mazao usiku, juu ya dungu, kwa kuwa nguruwe na viboko hawangoji asubuhi. Lakini nani atalala shambani peke yake wakati wenye bunduki wanapita? Shamba lisilolindwa halina mavuno. Ndivyo vijiji vingi vya Wapokomo vilivyohama ukingo wa mashariki na kuja magharibi, watu wakiacha miembe iliyopandwa na babu zao.

Sheria za hatari hazikuishia Jimbo la Kaskazini Mashariki. Ziligusa Isiolo, Marsabit, Mto Tana na Lamu pia. Kuanzia mwaka 1966 wafugaji wengi walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, vilivyoitwa manyatta, ili mashifta wakose chakula na habari. Kwa vita, hila hiyo ilifaa. Kwa mifugo ilikuwa maangamizi, maana ngamia na ng'ombe hawaishi kwa kufungiwa mahali pamoja, na matajiri wa jana walijikuta wakingoja posho.

Mwisho ulitoka mezani. Tarehe 28 Oktoba 1967, mjini Arusha, mbele ya Rais Kaunda wa Zambia, Rais Kenyatta na Bwana Mohamed Haji Ibrahim Egal, Waziri Mkuu wa Somalia, walipatana kukomesha uadui. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyozuia watumishi wa Serikali na askari kushtakiwa kwa matendo waliyoyafanya kwa nia njema katika wilaya hizo, tangu 25 Desemba 1963 hata 1 Desemba 1967. Wilaya ya Mto Tana ilitajwa humo.

Vijiji vingi vilivyohama havikurudi. Wenyewe walijenga magharibi, na alfajiri walishuka mtoni na majembe yao, wakapiga makasia kwenda kulima ng'ambo ya pili, kisha wakarejea kabla ya jua kutua.