Herufi Zinazosimama: Jinsi ya Kuchora Maandishi Yenye Unene

Sisi tunaotoka Ngara na Biharamulo tumeyaona haya tangu utotoni. Ukishuka basi Lusahunga, Nyakahura au Benaco, pale malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapopumzika, utakuta jina la duka limeandikwa ukutani kwa brashi: herufi nyekundu, ubavu mweusi, utadhani zimetokeza ukutani. Fundi hakutumia kompyuta. Alichojua ni mwanga unatoka wapi.

Mimi nilikijua baada ya hasara. Tulichanga hela za bumu tuchapishe bango la kuwakaribisha wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Kulichora nikapewa mimi. Nikabonyeza kila pambo nililoliona kwenye programu: kivuli, mng'aro, kingo za dhahabu. Kwenye skrini, safi kabisa! Lilipotundikwa, ukisimama hatua kumi tu, neno BIHARAMULO halisomeki. Neno moja lilitupa kivuli kushoto, jingine kulia, na macho hayakujua yaamini lipi.

Tuelewane kwanza. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, upande wa Kirehe nchini Rwanda, kuna sanaa ya imigongo. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikainuliwa kuwa matuta juu ya ubao, kisha yakapakwa rangi kama nyeusi, nyeupe na nyekundu. Matuta yale ni ya kweli, kwa hiyo mwanga wenyewe unachora kivuli. Kwenye skrini hakuna tuta. Kazi ya jua unaifanya wewe.

Fungua Krita, ambayo ni programu ya bure, kisha fanya hivi:

1. Andika neno kwa herufi nene, halafu ligeuze kuwa leya ya kawaida ya rangi. Amua mwanga unatoka juu kushoto, na usibadili tena mpaka mwisho.

2. Tengeneza ubavu. Nakili leya ya neno, iweke chini ya ile ya kwanza, ipake rangi iliyokolea zaidi. Isogeze pikseli moja kulia na moja chini. Nakili tena, sogeza tena, hata mara 20, kisha unganisha nakala zote ziwe leya moja. Usiruke pikseli 20 kwa mkupuo: pembe za herufi zitaachana, na utapata kivuli badala ya unene.

3. Tofautisha pande. Ubavu unaotazama chini uwe mweusi kuliko ule wa kulia, maana mwanga wa juu haufiki huko.

4. Chora mstari mwembamba wa rangi angavu kwenye kingo za juu na kushoto tu.

5. Kivuli kiwe cha mwisho, kwenye leya yake chini ya zote. Kifanye hafifu, kingo zake zififie, na kielekee chini kulia. Kumbuka jua la kwetu: saa sita kivuli kinajificha miguuni, saa kumi na moja jioni kinarefuka. Ukitaka kivuli kirefu, umesema mwanga uko chini.

Krita ina pia mitindo ya leya inayoweka kivuli na kuinua kingo yenyewe. Itumie, lakini nayo itakuuliza pembe ya mwanga. Usipoielewa hiyo pembe, utarudia kosa langu kwa haraka zaidi.

Kabla ya kupeleka faili kuchapishwa, lipunguze bango mpaka lienee kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha liondoe rangi libaki kijivu. Kama jina bado linasomeka, peleka. Kama halisomeki, punguza ubavu kwanza, maana mara nyingi ndio unaoziba matundu ya herufi kama A, B na R.

Bango la pili ilibidi tulichangie upya, na wenzangu wananikumbusha mpaka leo. Ila hilo lilisomeka kutoka getini. Ukipewa flana za mahafali au bango la chama chenu, hela za watu ziko mikononi mwako. Anza na jua.