Fort Ikoma: Ngome ya Wajerumani, Damu ya Waafrika

Mwishoni mwa Juni 1917 Vita Vikuu vya Kwanza vilirudi Ikoma wakati ambapo watu wa kaskazini mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba vimekwisha. Waingereza walikuwa wameitwaa Mwanza Julai 1916, Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba mwaka huo huo, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, alikuwa amesukumwa kusini. Huko kusini, Februari 1917, ofisa wa Kijerumani Max Wintgens alijitenga na jeshi hilo akapanda na askari wake kurudi kaskazini. Alipougua akajisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei, ofisa mwenzake Heinrich Naumann alishika uongozi, akavuka reli ya kati na kuja mpaka nchi ya Waikoma. Wabelgiji wakamfuata, wakamshambulia hapo Ikoma, wakashindwa vibaya. Hivyo ndivyo vitabu vya vita vinavyosimulia, na ndivyo vinavyopotosha. Walioanguka Ikoma kwa jina la Ubelgiji walikuwa wana wa Kongo, waliotembea kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Waliowafyatulia risasi kwa jina la Kaisari walikuwa Waafrika wenzao. Bunduki za rashasha, masanduku ya risasi na mahema ya mabwana vilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani, pande zote mbili. Na majeshi hayo yote yalikula. Ghala za nani zilifunguliwa, na kwa malipo gani?

Simulizi inayorudiwa kuhusu ngome ya Ikoma, iliyo leo katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, ni fupi mno: Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne ya 20 kuwakinga wenyeji dhidi ya Wamasai. Kinachonikera katika simulizi hiyo ni tarehe zake. Sotoka ilifyeka ng'ombe wa Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, na pamoja nayo zikaja ndui na njaa. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alikuta Ngorongoro Wamasai waliobaki mifupa na ngozi wakizunguka kambi yake kuomba chakula. Alikisia kwamba theluthi mbili yao walikuwa wamekwisha kufa. Kutoka hapo alivuka Serengeti na kupita Ikoma akielekea Ziwa Victoria. Basi ngome ilipoinuliwa, adui anayetajwa alikuwa amevunjika mgongo takribani mwongo mzima. Palikuwa na mambo mengine yaliyohitaji kulindwa. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kutozwa mwaka 1898, na kodi haikusanywi bila bunduki karibu. Mpaka na Waingereza ulikuwa mstari tu, uliochorwa Ulaya mwaka 1886 na 1890 kuanzia nyuzi 1 kusini ya ikweta pale ziwani, ukawatenga Wakurya wa Tarime na ndugu zao wa upande wa Kenya. Shirati kule ziwani na Ikoma huku bara vilikuwa vituo vya utawala uleule wa Mwanza, na kwa maoni yangu kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatazama wenyeji, si kuwalinda.

Msomaji anaweza kupinga, na ana hoja nzito: wazee wa Mara wenyewe wanawakumbuka wavamizi wa Kimasai kwa uchungu. Ni kweli, na hapa namsikiliza kuliko mtu mwingine yeyote mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyezunguka na wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi, Ngoreme na Ikizu katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2007 akachapisha kitabu kuhusu kumbukumbu za nchi hii. Shetler hapunguzi ukali wa miaka ile ya mwisho ya karne ya 19. Anaiita miaka ya maafa: uvamizi, njaa, magonjwa, watu kutawanyika. Lakini anaonyesha pia kwamba watu hawakukaa wakisubiri mkombozi. Walijipanga upya. Marika ya vijana yalipewa nguvu ambayo hapo awali ilikuwa ya koo, makazi yakasogezwa, mapatano na majirani yakafanywa. Hata ujenzi wa ngome za mawe haukuletwa na meli kutoka Hamburg. Kule Migori, Kenya, si mbali na Tarime, kuta za Thimlich Ohinga zilijengwa karne nyingi kabla, jiwe juu ya jiwe bila chokaa wala saruji, nyingine zikifika urefu wa zaidi ya mita 4. UNESCO iliziweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ukanda huu ulijua kujikinga. Ngome ya Ikoma iliongeza kitu kimoja tu: amri kutoka mbali.

Na amri hiyo yenyewe ilisimama kwa miguu ya Waafrika. Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Kijerumani katika koloni zima lilikuwa na Wazungu wasiofika 300 na askari Waafrika takribani 2,500. Kuita ngome ya namna hiyo "ya Wajerumani" bila kuongeza neno ni kuwafuta waliokesha juu ya kuta zake. Sisemi askari hao walikuwa mashujaa. Wengi walichoma vijiji na kunyang'anya mifugo. Nasema wao, pamoja na waliolazimishwa kuwalisha, ndio historia ya mahali hapa.

Baada ya uhuru ngome ilipata kuwa hoteli ya watalii, na leo jina lake linatambulisha lango la Hifadhi ya Serengeti na makao makuu yake. Jina la kijeshi la Mjerumani linapita kwenye stakabadhi za wageni kila siku, ilhali mahame ya Waikoma na Waishenyi, mengine yakiwa ndani ya mipaka iliyowekwa baada ya Serengeti kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, hayana hata kibao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa na binadamu kabla ya 1863. Fort Ikoma haifiki hapo. Inahitaji tangazo la waziri. Mahame ya kabla ya mwaka huo yanafika. Shetler alionyeshwa na wazee kwa kidole yalipo mahame mengi. Nani ameyapima, na kwa nini ramani anayopewa mgeni langoni bado haiyaonyeshi?