Mkoko, Mpingo na Formika

Atakaye kujua kwa nini samani za nyumba za kale za Lamu zilitengenezwa kama zilivyotengenezwa, asianze na kiti wala kitanda. Na ainue macho darini, azitazame boriti za mkoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, kwa kuwa boriti hizo, ambazo zikishalazwa juu ya kuta huacha nafasi isiyotimia mita 3, ndizo zilizoamua upana wa kila chumba, na upana wa chumba ndio ulioamua kitakachoingia humo. Mwashi mwenye mawe ya matumbawe na chokaa aweza kuuendeleza ukuta wake kwa urefu kadiri ya ukwasi wa mwenye nyumba, lakini kwa upana hana hila. Kwa hiyo misana, yaani vyumba vikuu vya nyumba za Lamu, ikawa mirefu na myembamba, vitanda vikawekwa kwenye ncha zake mbili na kusitiriwa kwa mapazia, na katikati pakaachwa wazi kwa mikeka na kwa watu.

Jambo la pili ambalo mgeni hulikosa ni kwamba samani iliyo bora kuliko zote katika nyumba hizo haikuweza kubebwa. Nyumba nyingi za mawe zisimamazo leo katika mji wa kale zilijengwa katika karne ya 18, siku ambazo biashara ya bahari iliwapa waungwana wa Lamu na Pate jaha isiyo kifani, na jaha hiyo waliizika ukutani. Mtu aliyeruhusiwa kupita daka, ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili, akavuka kiwanda kilicho wazi kwa jua na mvua, akapanda kutoka msana wa tini hadi msana wa yuu, kila sakafu ikiwa imeinuka kidogo kuliko ile iliyotangulia, alifika ndani, mahali pa faragha ya wanawake, akakuta ukuta mzima umechongwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, zenye nakshi za kukatwa kwa kisu, na katika zidaka hizo zimesimamishwa sahani na bakuli kutoka China. Hilo ndilo lililokuwa kabati lao, na rafu yao, na pambo lao. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi kuyalilia majumba ya Pate yaliyobaki magofu, hakusahau kutaja madaka yaliyokuwa ya sahani na sasa yamekuwa viota vya ndege. Msomaji wa zama zake hakuhitaji kuelezwa maana ya hasara hiyo.

Nyumba yenyewe, tena, aghalabu ilikuwa ya mwana wa kike. Binti wa kiungwana alipoolewa alipewa nyumba na wazazi wake, mume akamfuata humo, na vyombo vilivyomo vikawa sehemu ya heshima yake. Vilivyobebeka havikuwa vingi. Palikuwa na makasha ya nguo na dhahabu, mengine yaliyopigwa misumari ya shaba na kuletwa kwa jahazi kutoka Bara Hindi. Palikuwa na marufaa ya kuwekea msahafu. Palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, kifaa cha jikoni ambacho mafundi wa Lamu, kwa sababu wazijuazo wenyewe, walikichonga kwa uangalifu uleule waliouweka kwenye mlango wa mbele. Na palikuwa na vitanda.

Kitanda cha Lamu kinastahili kuangaliwa kwa utulivu. Fundi hukereza matendegu yake manne kwa kerezo, huyatoboa matundu, huyapitishia mifumbati miwili ya urefu na vitakizo viwili vya upana, kisha huja mtu mwingine, ambaye ujuzi wake ni kamba tu, akakiwamba. Katika kazi hiyo uzuri wote umo katika matendegu, kwa kuwa ndiyo yaonekanayo baada ya godoro na shuka kutandikwa. Yakatiwa mabombwe na pete, na katika vitanda vya fahari yakapakwa rangi nyekundu, nyeusi na ya manjano yakiwa bado yanazunguka. Katika nyumba kubwa kilikuwapo kitanda cha pavilao, kilichoinuka mno hata mtu alihitaji kigoda ili akipande. Urefu huo haukuwa wa raha, maana sijapata kumsikia mtu aliyelala vizuri zaidi kwa kuwa mbali na sakafu. Ulikuwa wa taadhima, na pengine wa upepo, ambao katika msana usio na madirisha ya nje ni neema ya kutafutwa.

Sasa tuje kwenye kiti cha enzi, ambacho leo kimekuwa kana kwamba ndiyo nembo ya Lamu. Ni kiti cha mpingo, kipana, chenye egemeo refu, mikono miwili na kibao cha kuwekea miguu, na mistari yake yote imenyooka: hakuna pindo hata moja katika umbo lake, kila kiungo kinakutana na chenziwe kwa pembe mraba. Mbao zake zimetiwa njumu za pembe ya ndovu au mfupa, na nafasi zilizo baina ya mbao zimejazwa nyuzi zilizofumwa kwa ruwaza, hata mwili wa mtu ukaegemea uzi na wala si ubao. Mpingo ni mti mgumu uchoshao patasi na kuvunja juba, kwa hiyo ustadi wa kuukata vipande vyembamba vilivyonyooka hivyo, kisha kuufanya ukamate vijiti vya pembe bila ya kuachia, haukupatikana kwa kila fundi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa mji wa mafundi wa namna hiyo, wa mbao na wa ngozi, na wa wanakili wa vitabu.

Wanazuoni wamebishana sana mintarafu ya asili yake. Wako wanaoona ndani yake kiti cha Wareno na Wahispania, wako wanaotazama Misri ya Wamamluki, na wako wanaodai kwamba mikono ya kiti hicho yashuhudia asili ya Bara Hindi. James de Vere Allen, aliyekuwa mhifadhi wa makumbusho ya Lamu na aliyechapisha makala marefu juu ya viti vya Waswahili mwaka 1989, aliupa mjadala huo uzito unaoustahili. Mimi naona kwamba swali la nani alikileta limetutawala kupita kiasi. Wareno wenyewe, walipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 pamoja na Vasco da Gama, waliandika kwamba walimkuta mfalme ameketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu, huku siwa mbili za pembe zikipigwa. Watu ambao tayari walimketisha mtawala juu ya kiti na chini ya mwavuli hawakuhitaji kufundishwa maana ya kiti. Walichoweza kukopa ni sura yake.

Na maana hiyo ilikuwa ya uchache. Katika nyumba ambayo kila mtu hukaa juu ya mkeka, busati au zulia, kiti kimoja kilichoinuka chatosha kumtenga mtu na wengine wote: mgeni wa daraja, kadhi, bibi arusi siku ya kuonyeshwa. Waliobaki hawakukosa kiti kwa ufukara, bali kwa utaratibu, maana viti vingi katika chumba kimoja vingelikiondolea kile kimoja kazi yake.

Mtindo ulibadilika mara uwezo ulipohama. Baada ya vita vilivyopiganwa Shela, kijiji jirani, watu wa Lamu walijiweka chini ya himaya ya Sayyid Said wa Oman, ngome ikakamilishwa mnamo 1821, na kidogo kidogo macho ya wapenda fahari yakageukia Unguja. Huko vitu vya Bombay na vya Ulaya vilimiminika: vioo vikubwa, saa za ukutani, vitanda vya samadari, na viti vya mti uliopindwa kwa mvuke. Viti hivyo vya mwisho vilikuwa zao la Michael Thonet wa Vienna, aliyetoa mwaka 1859 kiti cha vipande 6 tu, kilichoweza kufumuliwa na kupakiwa 36 katika sanduku la mita moja ya ujazo. Kiti kilichokuwa tayari kusafiri baharini kabla hata hakijapata mnunuzi. Beit al-Ajaib ilipojengwa mwaka 1883, fahari ilikwisha kuwa safu ya viti vinavyofanana, kuta nne, kila mgeni na chake. Nani sasa angekitamani kiti kimoja cha mpingo? Na hata fahari hiyo nayo ilipitwa: katika kasri la Unguja, lililogeuzwa makumbusho, wageni walionyeshwa samani za formika za miaka ya 1950 zilizokuwa za Sultani Khalifa bin Haroub, na wengi walicheka. Mimi sicheki. Formika haikuliwa na mchwa, haikutaka msasa, na ilikuwa mpya. Mtawala wa mwambao alichagua kile ambacho bahari ilikuwa imekileta, kama walivyofanya waliomtangulia walipochagua sahani za China.

Lamu haikuwa na fedha ya kushindana. Mashamba ya bara yaliyoilisha yalitegemea watumwa, na utumwa ulipofutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waungwana wengi walibaki na nyumba bila ya chumo. Umaskini huo ndio uliovihifadhi vyombo vya kale, kwa sababu asiye na cha kununua kipya hakitupi cha zamani. Na umaskini huohuo ndio uliovitoa, walipofika watalii na wachuuzi katika miaka ya 1960 na 1970, wenye kulipa taslimu kwa kiti, kwa kasha, hata kwa mlango uliong'olewa pamoja na mwimo na mfaa wake. Mji uliwekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1986 na kuingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini sheria huzishika kuta kuliko inavyovishika vilivyomo.

Hapo ndipo ulipozaliwa ule uitwao leo mtindo wa Lamu. Nenda Shela, katika nyumba zilizofufuliwa kwa ajili ya wageni, nawe utakuta viti vya enzi vinne vimezunguka meza ya kahawa, vitanda vya pavilao vilivyopanuliwa viwatoshe wawili wenye miguu mirefu, na zidaka ambazo ndani yake pana mshumaa na kombe la pwani. Sisemi kwamba ni vibaya; mafundi wa Lamu wanakula kwa vitu hivyo, na vijana wanajifunza patasi ambayo pengine wangelikwisha kuisahau. Nasema tu kwamba ni mtindo mpya, wa miaka hamsini au zaidi kidogo, uliovaa nguo za mkubwa wake, na kwamba bibi wa nyumba wa karne ya 18, kama angeliingia sebuleni humo, angelishangaa ni wafalme wangapi wanaotarajiwa jioni ile.

Wenyeji wenyewe wamekwenda njia nyingine. Katika nyumba za Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, utaketishwa juu ya kochi lenye mito minene, mbele yake kabati la kioo lenye vikombe visivyonywewa, na ukiutazama mkono wa kochi hilo utaona aghalabu umechongwa maua yaleyale ya kizingiti cha mlango. Hakuna mtalii anayelipiga picha. Lakini kwa maoni yangu kochi hilo ndilo mrithi wa haki wa pavilao kuliko viti vya Shela, kwa kuwa fundi wake hakuulizwa kama linafanana na la kale. Aliulizwa bei yake, na kama litapita katika kichochoro, na kama spiringi zake zitawahimili watoto.