Kijana Akianguka Kiwanjani: Kwa Nini Klabu Zetu Zinahitaji Mashine ya Kushtua Moyo



Kila Jumapili mchana, baada ya ibada na chakula, vijana wetu wanachukua viatu vyao wanakwenda kiwanjani. Iwe Baraka mjini, iwe Fizi kule mlimani, iwe Mboko au Lweba kando ya ziwa, sisi tunabaki nyumbani tukisikia kelele kwa mbali. Kelele zikipanda, tunajua goli limeingia. Zikikatika ghafla, tunaacha sufuria motoni na kutoka mlangoni: nani ameumia? Ni mtoto wa nani?

Mara nyingi ni goti au kifundo cha mguu. Leo tunazungumza juu ya jambo lisilotokea mara nyingi, lakini likitokea halingoji mtu. Mchezaji anaanguka peke yake, bila kuguswa, na moyo wake umesimama.

Wengi wetu tunamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, wakicheza na Kolombia, alianguka katikati ya kiwanja. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Alikuwa na miaka 28, na siku hiyohiyo akafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao watu hawakuujua.

Sasa tumtazame mtoto wa nchi yetu, Fabrice Muamba, aliyezaliwa Kinshasa. Tarehe 17 Machi 2012 alikuwa London akichezea Bolton dhidi ya Tottenham, naye akaanguka vilevile. Madaktari wa timu walimkimbilia mara moja, na daktari mmoja wa moyo aliyekuwa mtazamaji tu akashuka kutoka jukwaani kuwasaidia. Walimkandamiza kifua bila kupumzika na kumpiga shoti za umeme mara 15, kiwanjani na njiani kuelekea hospitali. Moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78. Muamba yuko hai hadi leo. Mpira aliuacha, lakini mama yake hakumzika.

Mashine hii ni nini?

Madaktari wanaiita defibrileta. Ni kisanduku kidogo, mtu anakibeba kwa mkono mmoja. Mara nyingi moyo unapokwama hivi haunyamazi papo hapo. Unatetemeka ovyo bila kusukuma damu. Shoti ya umeme inakata mtetemo huo ili moyo upate nafasi ya kurudi kwenye mapigo yake.

Haihitaji daktari. Ukiiwasha, inasema kwa sauti hatua kwa hatua. Unabandika vibandiko 2 kwenye kifua kitupu: kimoja chini ya mfupa wa bega la kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mashine yenyewe inapima moyo, na kama shoti haihitajiki, haitoi. Haihitaji umeme wa mji wala sola, kwa sababu ina betri yake inayokaa miaka kadhaa.

Shida ni muda. Kila dakika inayopita bila msaada inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Hesabuni wenyewe: kumtafuta motari, kumpakia mgonjwa, kupita kwenye mashimo na matope hadi hospitali. Ndiyo sababu mashine inatakiwa kuwa kiwanjani. Ile ya mbali haitamfaa.

Siyo uchawi, siyo karuho

Kijana mzima akianguka ghafla, sisi tunajua maneno yanayofuata. Wengine wanasema karuho, wanaleta maziwa. Wengine wanaanza kumtazama bibi mmoja wa kartie. Kwa maneno hayo wazee wetu wanafukuzwa, wanapigwa, na wengine wanauawa. Jambo hili linatuhusu sana sisi wamama.

Sababu zipo. Kuna watu wanaozaliwa na moyo wenye kasoro na wanaonekana wenye nguvu tu. Pigo la mpira au kiwiko kifuani linaweza kuvuruga moyo. Radi inaweza kuusimamisha, na eneo letu la mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi duniani. Ngurumo ikisikika, mechi isimame na watoto waingie ndani ya nyumba, wasijifiche chini ya mwembe.

Kuna sababu nyingine inayoanzia nyumbani: maumivu ya koo ya mtoto yasiyotibiwa. Baadhi ya maumivu hayo, yakirudi mara kwa mara, yanaleta homa inayoharibu moyo polepole. Dawa yake ni penisilini, ya bei ndogo. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe kituo cha afya. Na kijana anayezimia akikimbia, au anayeumwa kifua akicheza, asirudi kiwanjani kabla ya kupimwa.

Lakini pesa itatoka wapi?

Mama mmoja kikundini kwetu aliuliza bila kuficha: "Kituo chetu kinakosa dawa ya malaria, nanyi mnaomba mashine ya dola elfu?" Ana haki. Mashine mpya inagharimu karibu dola 1000 hadi 2000. Hatutaki hata franka moja itoke kwenye dawa za watoto au kwenye akiba ya wanaojifungua.

Ndiyo maana tunaziambia klabu. Klabu zinachanga kwa ajili ya kombe, sare na safari za mechi. Klabu moja haiwezi peke yake, lakini klabu za mji mmoja zikichanga kama tunavyochanga likelemba, zinaweza kupata mashine moja ya kiwanja kikubwa, panapokusanyika watu wengi. Wachezaji, refa na watazamaji, wote itawafaa.

Wakiinunua, tuwaulize mambo haya. Nani ataileta kila mechi? Isifungiwe kwa kufuli nyumbani kwa rais wa klabu. Nani ataangalia tarehe ya betri na ya vibandiko? Vyote vinaisha muda, na mashine ya msaada inaweza kufika ikiwa imeshapitwa. Itawekwa wapi? Isiwe chini ya bati linalowaka jua.

Mikono yetu kwanza

Hata mashine ikiwepo, bila mikono haitoshi. Na mikono hainunuliwi.

Mtu akianguka, haitiki, na hapumui vizuri, fanyeni hivi. Msidanganyike na kukoroma kwa mbalimbali au mshtuko kama wa kifafa. Huenda moyo umesimama. Mmoja aite msaada na kutuma mtu alete mashine na muuguzi. Mwingine apige magoti, aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu, kifua kiingie sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni mwendo wa kutwanga sombe kwa haraka. Akichoka, mwingine ashike. Msimwagie maji, msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe kitu.

Tena, msimpakie haraka kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, maana pale hakuna anayeweza kumkandamiza. Mkandamizeni hapo hapo chini, mpaka apatikane gari ambalo ndani yake mtaendelea.

Mabinti nao wanacheza. Akianguka msichana, kifua chake kifunuliwe kama cha kaka yake, kwa sababu aibu isimuue. Wamama wasimame kumzunguka na vitenge vyao. Na kama amelowa mvua, kitenge kimoja kimkaushe kifua.

Tunachowaomba

Kila kikundi kimwombe muuguzi wa kituo chake, au watu wa Msalaba Mwekundu, waje siku moja kufundisha kukandamiza kifua. Walete makocha, marefa na motari pia. Mto uliojazwa nguo unatosha kwa mazoezi.

Na kabla mechi za mashindano hazijaanza, kila mama mwenye mtoto kwenye timu aende kwa viongozi wa klabu na swali moja tu: "Mtoto wangu akianguka Jumapili, mtafanya nini dakika ya kwanza?" Kama hawana jibu, tusichoke kurudi. Mchango wa sare tutatoa, lakini watuonyeshe kwanza watakavyomrudisha mtoto nyumbani.